Kiganja Juu ya Kompyuta

Baba yangu, Gadiel, kila akiingia ofisi ya mradi wa maji alianza kwa kuweka kiganja juu ya kompyuta. Diski ikiwa inakoroma ndani, anangoja. Ikinyamaza, ndipo anasoma namba.

Namba ni kina cha maji, kwa sentimita. Kipimo kiko juu msituni, kwenye mto unaoshuka kutoka mlima Meru. Redio inazileta, waya unaziingiza kwenye kompyuta. Zikizidi mia mbili, Baba anatoka kugonga rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mparachichi, na wachimba mchanga wa korongoni wanapanda juu. Kaka yangu Yoeli ni mmoja wao.

Kiganja alikianza baada ya ile aibu. Siku hiyo jua linawaka, kioo cha kompyuta kikaonyesha 312. Akagonga mpaka mikono ikamuuma. Watu wakakimbia, machepe wakayaacha. Maji hayakuja.

Calvin, fundi wa kompyuta kutoka Njiro mjini, alikuja akachunguza. "Mzee, ilikuja 31, ikafuata 28. Alama ya kuzitenganisha imepotea, na ile nane pia. Zikashikana."

"Zinapoteaje?"

"Tarakimu zinaingia moja moja, kila moja inabisha hodi. Mashine hii ya zamani ikiwa inaandika kwenye diski, haiendi kufungua mlango. Na barazani pana kiti kimoja tu. Akija mgeni wa pili, wa kwanza katupwa nje."

Akasema iko kadi ya kupachika kwenye kompyuta, yenye viti vingi. Kamati ya mradi ikasema tungoje, basi Baba akabaki na kiganja: namba ya kuamini ni ile inayoingia diski ikiwa imetulia. Huko korongoni wakapata la kuchekea: "Baba Yoeli, kompyuta imepiga chafya?"

Juzi mlima ulifunikwa na mawingu, mweusi kabisa, huku kwetu pakavu. Nilimpelekea chai. Nilimkuta amesimama, kiganja palepale, na diski hainyamazi. Maji yakipanda kipimo kinatuma namba mfululizo, basi na mashine inaandika bila kupumua. Kioo kilionyesha 9. Halafu 24. Halafu 2.

"Ni ngapi, Baba?"

"Sijui, mwanangu."

Hakukiondoa kiganja.

Diski ikanyamaza kidogo tu. 247. Ikaanza tena kukoroma.

Akatoka mbio akagonga. Kutoka chini tukamsikia Yoeli: "Baba! Imepiga chafya tena?" Wenzake wakaangua kicheko. Machepe yakaendelea kukwangua mchanga. Akagonga tena, kwa nguvu. Hakuna aliyepanda.

Akanipa nyundo. "Gonga, usiache. Naenda kuwatoa."

"Baba, usishuke."

"Wakiniona usoni watajua."

Akavua kandambili, akashuka kupitia migombani. Nikagonga. Mngurumo ukaja kutoka juu, na haukuwa wa radi. Wakaanza kupanda, mmoja mmoja, wamejaa tope, hakuna anayecheka. Yoeli alikuwa wa mwisho. Analia, anasema Baba alimsukuma akashika ukingo.

Niliendelea kugonga, maana aliniambia nisiache. Yoeli ndiye aliyeninyang'anya nyundo. Baba hakupanda.