Kila Mlango wa Rohero

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda basi kwenda mahali nilipokuwa nimesimama tayari. Msicheke kwanza. Nilikuwa planto mpya, yaani mpeleka barua wa ofisi, katika kiwanda kimoja cha uchapaji, na bahasha ya zabuni niliyopewa iliandikwa "Rohero". Mimi mtoto wa mtaa wa Buyenzi, mtu wa kukaa nyumbani, Rohero nilikuwa naiita "mjini" tu. Nikamuuliza mkusanya nauli kama basi linafika Rohero. Akasema linafika, nipande. Tukapanda hadi Gihosha mlimani, abiria wakaisha, basi likateremka tena, nikashushwa palepale nilipopandia. Ofisi niliyotumwa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilipoingia, sanduku la zabuni lilikuwa limeshafungwa, na kazi ya kuchapa madaftari ya shule ikaenda kwa wengine.

Shefu wa sekretarieti, mama mfupi asiyepandisha sauti, alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho.

"Leo sikufukuzi," akasema. "Nakupa wiki moja. Utembee kwa miguu, kila mulango wa mujini uujue. Ukipotea tena, urudi kwa mama yako moja kwa moja."

Nilitembea hadi viatu vikafungua midomo. Nikajifunza kwamba kwetu watu hawaelekezani kwa majina ya barabara: unaambiwa pita nyuma ya benki, acha duka la vitambaa, uliza hapo. Nikajifunza pia daftari la transmisyo, ambamo anayepokea barua anatia sahihi, saa na muhuri. Bila muhuri barua haijafika, hata kama mwenyewe anaisoma mbele yako. Wiki iliisha, nikabaki. Miaka mingi baadaye soko kuu lilipoungua, nusu ya maelekezo ya mji iliungua nalo. Wengine walizunguka wakitafuta njia; mimi nilipita.

Bosi wangu wa mwisho, Musyu Direkta, aliamini magari. Kiwanda kilikuwa kimehamia Mutakura, mbali na mjini, na asubuhi moja gari la ofisi likawa limelala kwenye foleni ya mafuta, mabasi nayo hayaonekani. Zabuni ilikuwa mezani, na siku hiyo ndiyo ya mwisho kuipeleka. Tukiikosa, mafundi wanarudishwa nyumbani.

"Mzee, tumeshindwa," akasema.

Nilichukua bahasha na daftari, nikashuka mjini kwa miguu, nikikata vichochoro ambavyo dereva wake hajawahi kuviona. Nilifika nimelowa jasho hadi soksi. Karani akagonga muhuri, akaandika saa, ndipo akafunga sanduku. Kazi tuliipata. Hakuna fundi aliyerudishwa.

Sasa nimestaafu, nimerudi nilikotaka kuwa tangu mwanzo: nyumbani, kwa mke wangu. Vijana mnatuma kila kitu kwa simu, sawa, ila mimi bado najivunia muhuri ule. Juzi nilikuwa namsimulia jirani yangu, Mama Zuhura, kwa mara ya tatu, mguu juu ya stuli. Akatua bidoni yake ya maji, akaniangalia.

"Baba Hamisi, kama miguu ni mizima hivyo, mbona maji ni bibi yako anaenda kuchota, we unakaa kwa kiti?"