Gauni Lililonikaa Sawasawa

Mume wangu hahitaji tepu kumpima mtu. Mteja akiingia mlangoni anamtazama mara moja tu, kuanzia mabegani kushuka, na kabla mtu hajaketi ameshajua kitambaa kiasi gani kitakwenda. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Jicho. Tepu anaivaa shingoni kwa heshima ya kazi, na ili wateja wasidhani wanabahatishiwa. Yeye anakata, mimi nashona, mwaka wa ishirini na moja sasa, na sijawahi kumkuta amekosea kwapa wala kola ya mtu. Nayasema haya mapema usije ukadhani niliyoyakuta yalitokana na jicho lake kukosea.

Tunaishi na kufanya kazi chini ya paa moja. Chumba cha mbele ni duka: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichoelekezwa kwa wateja, na sanamu ya kujaribishia nguo. Nyuma ya pazia ndiyo nyumbani. Mwaka wa kwanza wa ndoa tuligombana mpaka kwenye sahani. Yeye ananiuliza vifungo vya mteja mimi chakula kimejaa mdomoni, mimi namuuliza habari za mkaa wakati mteja kasimama suruali mguu mmoja. Tukawekeana sharti. Mbele ya pazia yeye ni Fundi na mimi ni Bosi, tunaongea kazi. Nyuma ya pazia yeye ni baba watoto, mimi ni mama watoto, na atakayetaja nguo au kipimo cha mtu anaosha vyombo vya siku nzima. Tukasikilizana. Kazi za nyumbani nazo tukagawana: mimi nafua, yeye anapiga pasi. Dada yangu akija ananionea wivu waziwazi, anasema wanaume wa kushika pasi wameisha na wa mwisho nimemchukua mimi. Nami nilijisikia, sitakudanganya.

Ile sanamu aliitengeneza mwenyewe tulipoanza, kwa magunia na pamba, kwa sababu ya kununua hatukuiweza. Aliijaza na kuikandakanda mpaka ikawa mwili wangu mtupu. Chini ya shingo akaandika kwa wino vipimo vyangu: kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili, nyonga arobaini na mbili. Haina kichwa wala mikono. Wateja waliibatiza Mke Mwenza, maana inashinda na mume wangu kutwa nzima na haijawahi kumjibu vibaya. Utani ule hata mimi niliuingia. Nikitoka sokoni nauliza, "Mwenzangu hajambo?" Fundi anajibu bila kuinua macho kwenye mkasi, "Amenuna, anasema umechelewa."

Mwaka huu stuli ya cherehani ilianza kuniumiza. Nikailaumu stuli, nikaweka mto. Nikawa nasikia baridi mchana wa jua kali, nikalaumu feni. Nikifika nusu ya suruali napumzika, nikaulaumu umri. Binti yetu mdogo, aliye sekondari, hunikumbatia akirudi. Siku moja alinikumbatia akaniachia haraka, akasema, "Mama, mbona una mifupa?" Nikamwambia hata yeye anayo, akavue sare. Majirani nao wakaanza. "Shoga, mbona umepungua hivyo?" Jibu langu lilikuwa moja. Nashika gauni kiunoni nawaonyesha. "Limepwaya wapi?" Halikupwaya mahali popote. Lilinikaa kama siku nililolivaa mara ya kwanza. Wakaniaga, lakini walipokuwa wakiondoka waligeuka kunitazama mara ya pili.

Utaniuliza, mwili ni wako, hukuuona? Nakujibu. Mtu aliyeshona miaka yote hiyo hatazami mwili, anatazama nguo. Kioo kirefu ni cha wateja, na huko nyuma tuna kipande cha kioo cha kuchania nywele kinachoonyesha uso tu. Uso wangu ni mwembamba tangu usichana. Mwili wangu niliujua kwa magauni yangu matano. Yakinikaa, basi mimi ni mzima, nashuka kitandani naendelea na kazi.

Sasa sikiliza. Alhamisi asubuhi Fundi alikwenda kununua nyuzi. Gauni langu la bluu lilikuwa limefumuka pindo, nikaona niivishe sanamu ili nilipinde vizuri. Nikafungua zipu yote, nikalishusha kuanzia shingoni. Likakwama kifuani. Nikalivuta, likashuka kwa shida, na zipu ikagoma. Pande zake mbili ziliachana zaidi ya upana wa kiganja.

Nilicheka. "Wewe mwanamke," nikaiambia, "unakula nini siku hizi?"

Duka lilikuwa kimya, na sauti yangu sikuipenda. Nikaacha kucheka. Gauni ni langu. Sanamu ni mimi. Na jana yake tu nilikuwa nimelivaa gauni lile lile, nikapandisha zipu kwa kidole kimoja. Nikaitazama ilivyosimama, imejaa, kifua mbele, ndani ya nguo yangu iliyoishinda. Kama gauni halijabadilika na mimi sijabadilika, basi anayenenepa ni yeye. Anashinda humu na mume wangu, hali, hanywi, na ananenepa. Cheka ukitaka. Mimi nilikwenda kuufungua mlango wa mbele wazi kabisa ili wapita njia wanione.

Kisha nikajikaza, nikachukua tepu nikaipima. Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini na mbili. Nyonga arobaini na mbili. Haikuongezeka hata upana wa uzi. Niliipima mara mbili nikiwa nimeupa mlango mgongo, halafu nikahama upande wa pili ili mlango niwe nauona juu ya ile shingo isiyo na kichwa.

Nikalivua gauni nikaligeuza ndani nje. Ukifumua mshono, matundu ya sindano hubaki kwenye kitambaa, kila fundi anajua. Kando ya mshono wa ubavuni palikuwa na mstari wa matundu. Kando yake mwingine, na mwingine, na mwingine. Gauni langu lilikuwa limebanwa mara nne. Na ule mshono mpya ulirudiwa mara tatu pale uzi unapokatwa, na katika mafundi wote ninaowajua ni mtu mmoja tu anayerudia mara tatu. Nikaenda nyuma ya pazia nikashusha magauni mengine matatu, nikayaleta mezani, yote yamepigwa pasi, yote yananukia sabuni yangu. Kila moja lilikuwa na mistari minne.

Hapo hofu ikageuka hasira, na hasira naiweza. Kila Ijumaa mchana mimi napeleka nguo majumbani kwa wateja, yeye anabaki na pasi. Kumbe kuna mwanamke. Anakuja nikishatoka, anavaa nguo zangu, na mume wangu anambania zimkae. Nilimwona kabisa huyo kimbaumbau, hana kiuno hana nyonga, anajigeuzageuza mbele ya kioo cha wateja wangu. Nikamtukana kwa sauti, matusi mengine sikujua kama ninayajua. Nikasema nitalivaa gauni hili mbele ya Fundi aone lilivyoharibika, aone lisivyoniingia tena. Nikaingia nyuma ya pazia, nikavua nililokuwa nalo, nikalivaa.

Zipu ilipanda kwa kidole kimoja. Hasira ilikuwa imenisahaulisha jana. Gauni la yule mwanamke lilinikaa sawasawa.

Nikarudi dukani nikaketi kwenye stuli. Kioo kirefu kilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa na sikukiendea. Niliogopa. Nilisubiri pale pale, mikono mapajani, mpaka Fundi aliporudi na mfuko wake wa nyuzi, akaona mlango uko wazi, akaona magauni mezani yamegeuzwa ndani nje.

"Nipime, Fundi," nikamwambia.

Hakunitazama. Ndipo nilipogundua kwamba hanitazami, na sikumbuki aliacha lini. "Bosi, vipimo vyako si viko pale shingoni kwa Mke Mwenza?"

"Nipime kwa tepu. Wewe ita, mimi naandika."

Ndivyo tunavyofanya siku zote. Fundi hajipimi, maana mtu akijipima anavuta tumbo ndani. Mmoja anapima na kuita, mwingine anaandika. Nikashika kalamu na daftari, nikasimama, naye akasimama nyuma yangu. Tepu ilikuwa ya baridi.

"Kifua, thelathini na nane." Nikaandika. "Kiuno, thelathini na mbili."

Aliita kwa sauti ile ile ya kazi, sauti anayowaitia wateja. Mkono wangu ukaandika thelathini na mbili. Lakini tepu ni inchi sitini, na akinipima kiuno mkia unaobaki unaning'inia. Miaka yote mkia ule uliishia katikati ya muundi. Sasa ulikuwa unanigonga kifundo cha mguu.

"Rudia kiuno."

"Thelathini na mbili."

"Rudia, Fundi."

Aliilegeza tepu, akaikaza upya. "Ishirini na sita," akasema.

Nikakata ile namba, nikaandika hiyo. Kisha nikamuuliza yule mwanamke ni nani. Nilijua jibu, lakini nilitaka alitamke.

"Ni wewe," alisema.

Alinieleza akiwa bado nyuma yangu, tepu bado imenizunguka. Mama yake alikuwa akitembea, akipika, akigombana na majirani, mpaka siku jirani mmoja alipomwambia, mama, umekwisha. Akajitazama, akapanda kitandani, na wiki ya tatu wakamzika. Yeye alikuwa kijana, aliliona hilo kwa macho yake. Kwa hiyo siku jicho lake liliponiona nimepungua, alijiambia kwamba nisipojua nitaendelea kutembea. Nguo zisipopwaya sitajua. Akabana inchi moja na nusu, akasema itasimama hapo. Haikusimama. Akabana tena.

"Na nyumbani je?" nikamuuliza. "Tunakula pamoja, tunalala pamoja. Umeshindwa kuniambia hata huko?"

"Nilikuona dukani," alisema. "Nyumbani hatutaji vipimo."

Na alimaanisha. Mtu mzima, ana nywele nyeupe masikioni, alilishika sharti la vyombo vichafu mpaka nikaisha mbele yake. Nilimpenda na nikatamani kumtwanga na pasi, yote mawili kwa mara moja. Nikamwuliza kama anafikiri nitakufa. Alisema hajui, kwamba jicho lake haliendi mpaka huko. Ijumaa wateja walituona tukicheka nao kama kawaida. Magauni hakuyagusa mtu, na pasi ilikaa baridi.

Jumamosi tulifunga duka tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, aliyeweza kuwa binti yangu. Alinipandisha kwenye mizani, akaniangalia macho na shingo, akanibonyeza chini ya mbavu mahali pamoja, akaenda kwingine, akarudi pale pale. Kisha akaketi na fomu yake.

"Mama, nguo zilianza kukupwaya lini?"

"Hazijawahi kunipwaya," nikasema.

Akainua macho, akanitazama, akarudia swali polepole, akidhani sikusikia vizuri. Nikarudia jibu. Ndipo mume wangu aliyekuwa kwenye kiti cha ukutani akakohoa.

"Ilikuwa wiki ya sare za shule, Januari," akasema. "Nilibana inchi moja na nusu. Halafu mwanzoni mwa Aprili, inchi moja na nusu. Juni mwishoni, hivyo hivyo. Na Ijumaa ya pili ya mwezi uliopita."

Alizitaja bila kusitasita. Nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza, na kila moja nilijaribu kukumbuka siku hiyo nilipika nini, nilicheka na nani. Daktari aliziandika zote nne.

"Miezi minane," alisema. "Mmejua miezi minane na hamkuja?"

"Amejua yeye," nikasema.

"Na wewe, mama, umejua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ya mwezi gani?"

"Juzi," nikamwambia.

Daktari aliacha kuandika. Alimgeukia mume wangu akamwomba atusubiri nje kidogo. Naye akainuka, akaniangalia mara moja, kuanzia mabegani kushuka, akatoka. Mlango ulipofungwa, daktari akavuta kiti chake karibu mpaka magoti yetu yakagusana. "Safari hii, mama," akasema, "utajua wewe kwanza."