Sauti ya Meri

Ukitaka kumjua Elieshi, usianze na kanisa wala shule. Anza na soksi. Ilikuwa soksi moja ya kijivu, mwenzake alipotelea kwenye mashine ya kufulia, na ndani yake alificha dadu saba. Si hizi dadu za vijiweni. Moja ilikuwa na pande nne kama sambusa, nyingine pande nane, na kubwa kuliko zote ilikuwa na pande ishirini. Soksi hiyo ililala chumbani kwangu, chini ya sare zangu za unesi, kwa sababu Elieshi aliniomba nimfichie, mama yake asiione, nami nikakubali. Kwa hiyo msinione mtakatifu katika habari hii.

Tulikuwa Harrow, Uingereza, mwaka wa themanini na mbili, ghorofa ya juu ya nyumba ya Bwana Avtar, wapangaji wa jiko moja: mimi Teresia, nesi kutoka Nyeri, na Mama Elieshi, Mpare wa Usangi, pamoja na binti yake huyo wa pekee aliyekuwa na miaka kumi na minane. Mama Elieshi alikuwa mwanamke wa Kiswahili safi. Nikisema "hiyo kitu", ananikatiza hapo hapo, "Kitu hicho, Teresia. Wakenya mtatuulia lugha."

Alifika Uingereza mwaka wa sitini na nane, na familia ya Wahindi wa Moshi aliyokuwa akiilelea watoto. Wao walikuja na pasipoti zao za Kiingereza, yeye akaja na watoto wao mgongoni, na wake mwenyewe akamwacha kwa bibi. Miaka minne baadaye aliwaaga, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini, na alipopata pa kukaa akamleta Elieshi. Jina lake la kuzaliwa ni Nakiete. Yule mama mwajiri wake, memsaab kama alivyozoea kumwita, hakutaka kujisumbua na Nakiete, akamwita Meri.

Na memsaab bado alipiga simu, kila Jumamosi asubuhi. Mara atake kujua ile achari ilikuwa ikiwekwa nini, mara kuna harusi na mikono ya kukunja sambusa haitoshi. Simu yetu ilikaa juu ya friji, na Mama Elieshi aliongea pale pale mbele yetu huku akikoroga uji. Hapo Kiswahili chake safi kilipotea. "Ndiyo memsaab. Nakuja memsaab. Pesi pesi memsaab." Mabega yalishuka na shingo ikalala upande, kana kwamba mwenye simu yuko mlangoni anamtazama. Mimi hasira zilinipanda. "Mama Elieshi, miaka kumi hakuajiri, memsaab wa nini?" Yeye hucheka. "Ulimi umezoea, Teresia. Uache."

Elieshi alikulia kwenye jiko hilo, akinywa uji na kusoma. Msichana alikuwa na ugonjwa wa vitabu. Alisoma habari za majoka yanayolalia dhahabu, wachawi wenye ndevu, falme zisizo katika ramani yoyote, na vitabu vya maktaba vilimfuata mpaka chooni. Mama yake hakuvipenda sana, ila alivivumilia. Nilipomtania Elieshi kwamba mtoto wa kipaimara hasomi habari za majoka, alinijibu, "Aunti Tere, umesoma Ufunuo lini? Kule kuna joka la vichwa saba." Nilienda kuifungua Biblia yangu, maana kweli nilikuwa sijausoma siku nyingi.

Kutoka vitabuni akaingia kwenye mchezo. Aliupatia chuoni, kwa Harjit na dada yake Balwinder, watoto wa Kisingasinga waliozaliwa Nairobi, na rafiki yao Alnashir, aliyefukuzwa Kampala pamoja na Wahindi wenzake akiwa mdogo. Kila Jumamosi mchana walikusanyika sebuleni kwa kina Harjit, karibu na stesheni. Kila mmoja alikuwa shujaa wa kubuni, huyu mpiga upanga, yule mganga, na mmoja wao ndiye mchezeshaji. Mchezeshaji hana shujaa wake. Yeye ndiye dunia yote: mvua, milango, mfalme mwovu, na kila anayekutana na mashujaa njiani, sauti zote hutoka kinywani mwake. Dadu huamua kama upanga umepata au umekosa. Mchezeshaji alikuwa Elieshi, na kwa mapokeo niliyopata hakuna aliyemshinda. Nyumbani na kanisani alikuwa mkimya hata ungesahau yuko chumbani. Kule akawa mtu wa kungojewa.

Mama yake aliambiwa anakwenda kujisomea. Uongo huo ulimkera Elieshi, lakini kwa kiasi cha kuvumilika, mpaka ile Jumapili ya Mwinjilisti Njenga.

Ushirika wetu wa Kiswahili uliazima ukumbi wa kanisa moja mara moja kwa mwezi, na Njenga alituongoza. Siku hiyo alipiga meza. "Kuna watoto wetu wanacheza michezo ya kuita majini! Tena kwa dadu! Ni nani waliolipigia kura vazi la Bwana? Si askari waliomsulubisha?" Nilikuwa kwenye birika la chai, nikamwona Elieshi amekauka. Ilikuwa imebaki chini ya miezi miwili kufika Pentekoste, na Pentekoste ndipo mchungaji kutoka nyumbani angekuja kumpa kipaimara. Angekaribia Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na mafundisho aliyakariri yote: alaye isivyostahili hula hukumu ya nafsi yake.

Jioni ile alinifuata chumbani. "Aunti, mimi naita majini kila Jumamosi. Walinzi wa mfalme wangu wote ni majini. Itakuwaje nikila Meza hivyo?"

"Basi acha mchezo," nikamwambia.

Akaanza kulia, kilio cha mtu anayeambiwa akate mkono. Nikamhurumia, na huruma yangu mara nyingi hutangulia akili. "Ngoja. Mchezo ni hadithi tu, ubaya ni hao majini. Waondoe, weka watu. Jumba la mfalme halikosi watumishi. Mfalme mwovu hafui soksi zake mwenyewe."

Alicheka huku machozi yanamtoka, akanikumbatia. Wazee walisema, umeruka majivu umekanyaga moto. Majivu niliyaona, moto sikuuona.

Jumamosi iliyofuata mashujaa wakagonga lango la jumba. Zamani lingefunguliwa na jini. Sasa lazima lifunguliwe na mtumishi, na Elieshi alikuwa hajamwandalia mtumishi huyo sauti. Akafungua kinywa, ikatoka ile aliyoisikia maisha yake yote. "Ndiyo memsaab. Nakuja memsaab. Pesi pesi memsaab." Mabega yakashuka na shingo ikalala upande.

Sebule ilipasuka kwa kicheko. Balwinder alijifuta machozi. Harjit akapiga zulia kwa ngumi. "Huyo ni yaya wetu kabisa! Yule wa Nairobi! Aliitwa Meri. Mwite Meri!"

Elieshi akaandika daftarini: Meri. Alnashir akauliza, "Na nyinyi kule Tanzania mlikuwa na yaya?"

"Mama yangu ni nesi," Elieshi akajibu.

Petro aliulizwa mara tatu ndipo akakana. Huyu, habari za mama yake hakuulizwa hata mara moja.

Meri akawa kipenzi cha mchezo. Kila Jumamosi walimdai, "Meri yuko wapi leo?" Meri akamwaga supu, Meri akatumbukia kisimani, Meri akaomba radhi kwa kila kitu hata mvua. Na Elieshi alikuwa akirudi nyumbani chakula hali vizuri, hatazami mtu usoni. Nikimwuliza, anasema, "Dadu zinanisumbua, Aunti." Miaka mingi baadaye aliniambia ukweli. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba si dadu. Ila dadu zilikuwa na mahubiri yake tayari, na dhambi yenye mahubiri ni rahisi kuiungama kuliko isiyo na jina.

Jumamosi ya kuamkia Pentekoste hakuweza kuvumilia tena. Gauni jeupe lilikuwa limetundikwa mlangoni. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo, mama yake akichambua mchele wa pilau ya kesho. Elieshi akaja na daftari mkononi, akasimama mbele ya mama yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama, nimekudanganya. Jumamosi siendi kujisomea. Nacheza ule mchezo aliousema Mwinjilisti. Daftari ndilo hili. Lichome, ili kesho nile Meza nikiwa safi."

Mama Elieshi aliweka ungo chini. Nikangoja dhoruba. Badala yake alijifuta mikono, akavaa miwani. "Nichome kitu ambacho sijakisoma?"

Akasoma. Elieshi alikuwa ameandika nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, majini wote wameshafutwa, na mama yake aliyafuata yote kwa kidole. Alipofika kwenye joka aliguna. Alipofika kwa malkia aliyeoza meno kwa kula asali ya watu, alicheka kwa sauti. "Njenga ana maneno mengi," akasema. "Majini yako wapi hapa? Hii si ni hadithi? Tena mtoto anajua kutunga!" Nilimwona Elieshi akivuta pumzi, na kwa kitambo kidogo nilidhani yamekwisha.

Akafungua ukurasa mwingine, na kidole kikasimama.

"Meri anafungua lango," akasoma, polepole. "Meri anainama. Ndiyo memsaab, nakuja memsaab, pesi pesi memsaab. Hapa watacheka." Akanyanyua macho. "Hapa watacheka. Umeandika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na sauti ulikuwa unaitoa wewe?"

"Ndiyo."

"Nitolee."

Elieshi akatikisa kichwa.

"Wao umewatolea Jumamosi ngapi?"

"Saba."

"Mimi nakuomba mara moja tu, mwanangu. Nisikie ninavyosikika."

Elieshi alifungua kinywa, akakifunga. Nami nilikuwa nimeshika sahani ile ile muda wote, maji yananichuruzika mpaka kiwiko. "Mama Elieshi," nikasema, "makosa ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia aondoe majini aweke watu."

Hakunitazama. "Wewe ulimwambia aweke watu, Teresia. Hukumwambia aweke mama yake."

Elieshi alipiga magoti kwenye sakafu ya jiko, akaomba msamaha kwa Kiswahili, kikamwishia, akaendelea kwa Kiingereza, kikamwishia nacho. Mama yake alimwinua. "Nimekusamehe," akasema, upesi, kwa sauti ya kila siku. "Gauni linangoja pasi." Akavua miwani, akarudi kwenye mchele wake. Daftari hakulichoma. Alilifunga, akamrudishia.

Mchana ule Elieshi alinidai soksi, akaenda kwa kina Harjit. Hakukaa. Aliweka soksi mezani na kuwaambia, "Meri si yaya wenu wa Nairobi. Ni mama yangu. Anaitwa Nakiete. Anafua mashuka, si nesi." Harjit alitazama zulia. Balwinder aliondoka kwenda kuangalia chai isiyokuwapo jikoni. Alnashir peke yake ndiye aliyesema kitu. "Kwa nini hukutuambia?" Elieshi akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili alipokea kipaimara. Mchungaji alimwekea mikono, naye akala Meza ya Bwana, na Mama Elieshi akapiga vigelegele mpaka Waingereza waliokuwa wakipita nje wakachungulia. Pilau ilikuwa nzuri. Nilijiambia, basi, Mungu amesamehe, mama amesamehe, kilichobaki ni nini?

Jumamosi iliyofuata tulikuwa jikoni sote watatu. Uji ulikuwa motoni. Simu ikalia juu ya friji, nasi tulijua ni nani. Mama Elieshi alinyanyua mkono kuishika, kisha akamtazama binti yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama jinsi mtu anayetaka kubadili nguo anavyomtazama mgeni aliyemo chumbani. Akaibeba ile simu, waya wake ukimfuata, akatoka nayo mpaka kwenye korido, akafunga mlango.

Miaka kumi mlango ule haukufungwa kwa ajili ya simu ya memsaab. Tangu siku ile ulifungwa kila Jumamosi, mpaka memsaab alipofariki. Asubuhi ile ya kwanza Elieshi alichukua mwiko, akaukoroga uji ili usiungue, macho yake kwenye waya uliopita chini ya mlango. Kutoka upande wa pili hatukushika neno lolote, maana mama yake alikuwa akinong'ona.