Mfuko Uliotobolewa

Kwa miaka tisa Bakhit hakuweza kuweka ufunguo katika mfuko wa kulia wa dishdasha, kanzu yake ya Kiarabu. Akisahau akautia, ulimwangukia miguuni, na binti yake Mahfudha alimcheka kila alipoinama kuuokota. Mkewe, Nasriya, ndiye aliyeitoboa mifuko hiyo makusudi, dishdasha baada ya dishdasha, ili mkono upite hadi kwenye bastola iliyofungwa juu ya wizari, shuka ya ndani. Kazi ya Bakhit ilikuwa kumlinda Badr, mfanyabiashara wa Ruwi, bila ya watu kujua kwamba analindwa. Hakupata kuitoa bastola hiyo mbele ya mtu, na hilo ndilo pekee alilojivunia.

Mwaka 1996 Badr aliagiza bastola mpya, ya risasi za aina iliyotoka juzijuzi tu, ganda lake limebanwa shingoni kama chupa. Walikwenda kuijaribu kwenye bonde kavu, njia ya Qurayyat. Bakhit alipanga madebe manne ya maji. Risasi ya zamani ilikomea ndani ya debe la tatu. Ile mpya ilipita yote manne, ikapasua jiwe lililokuwa nyuma.

"Umeiona, ami? Hii ndiyo risasi!" alisema Badr, meno yote nje.

Bakhit alikuwa akilitazama jiwe. Mwaka wa sitini na nne, kwao Unguja, risasi iliyokusudiwa mtu aliyekuwa barabarani ilipenya mlango wa nyumba yao. Nyuma ya mlango alisimama mdogo wake wa kike. Bakhit alikuwa na miaka kumi na minne, na tangu siku ile hakupata kumsimulia mtu, hata Nasriya.

"Sheikh Badr, mie hii siibebi. Tunapita sokoni Mutrah, watu wamebanana. Ikishamtoka adui yako, itamwingia nani?"

"Kwa hivyo mie nife kwa ajili ya wapita njia?"

"Ya zamani inatosha kumwangusha. Nna hakika."

"Basi nitatafuta wa kuibeba hii."

Badr hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, akataka kitu kikubwa kuliko hofu yake. Bakhit alitoa risasi katika bastola ya zamani, akamkabidhi palepale.

Alasiri ile alimwekea Nasriya dishdasha zote mapajani.

"Nishonee mifuko."

Nasriya akaelewa kwamba kazi imekwisha. Alitaka kuuliza wataishi vipi, lakini alipomtazama usoni akachukua sindano. Bakhit alikaa karibu naye, karibu kuliko kawaida yake.

"Nilikuwa na ndugu wa kike," alisema. "Alipigwa risasi nyuma ya mlango wetu. Alikuwa na miaka tisa."

Sindano ilisimama. Nasriya alikumbuka alivyonuna mwaka mzima, Bakhit alipokataa katakata mtoto wao wa kwanza apewe jina la bibi yake mzaa mama, akashikilia jina alilolichagua mwenyewe.

"Akiitwa nani?" aliuliza, ingawa alikwishajua.

Bakhit aligeuza uso kwenye mlango wa uani. Huko nje Mahfudha alikuwa akianua nguo huku akiimba.