Rachidi na Leseni ya Ndege Bubu

Rachidi Amissi alizaliwa Kindu, mji wa jimbo la Maniema, jirani na uwanja wa ndege, katika miaka ambayo barabara zilikuwa zimekufa na kila kitu, kuanzia chumvi na sabuni hadi misumari, kilishuka kutoka angani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo. Ndege ya mizigo ikichelewa, nyumbani kwao walikula sombe, yaani kisamvu, isiyo na chumvi. Kwa hiyo ndege haikumshangaza. Aliizoea kama watu wa kwingine walivyozoea lori.

Vita vilimtoa huko angali kijana, vikamfikisha Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hapo akamwoa Mauwa, binti wa Maniema kama yeye, wakafungua kibanda cha kuwauzia mafundi cherehani uzi, zipu na vitambaa. Mali aliifuata Lilongwe, katika soko la Tsoka, kila alipopewa ruhusa ya kutoka.

Hapo Tsoka ndipo alipomkuta Bambo Kachingwe, yaani Baba Kachingwe, mzee mrefu, fundi mstaafu wa ndege, ambaye ujanani alifanya kazi Dar es Salaam na kurudi na Kiswahili chake. Alikuwa akihangaika kutafuta turubai laini ya kufunikia mabawa. Rachidi alimsaidia kupatana na mwenye duka, akambebea mzigo hadi garini, kisha akamwuliza ni mabawa gani hayo.

“Panda,” mzee akamwambia. “Ukayaone mwenyewe.”

Nje ya mji palikuwa na kiwanja cha majani cha chama kidogo cha watu wanaorusha ndege zisizo na injini. Ndege yao ilikuwa nyembamba, nyeupe, yenye viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Mashine iliyo mwisho wa kiwanja huivuta kwa kamba ndefu hadi ipae. Huko juu rubani huiachia kamba na kutafuta hewa ya joto inayopanda, kama afanyavyo mwewe. Hakuna mngurumo. Rachidi alipowasimulia watu wa kambini, wakaiita ndege bubu, na jina likabaki.

Alianza kwa kushika ncha ya bawa. Ndege hiyo ina gurudumu moja tumboni, ikisimama huinamia upande, hivyo lazima mtu alinyanyue bawa na kukimbia nalo mpaka upepo ulipokee. Alikimbia hivyo misimu kadhaa. Siku moja Kachingwe akamwonyesha kiti cha mbele, yeye akakaa nyuma, na kuanzia hapo wakawa mwalimu na mwanafunzi.

Mauwa hakufurahi.

“We uko na akili?” alimwuliza. “Ukianguka kule, batoto nitabaambia nini?”

“Sitaanguka.”

“Na hiyo permi, hiyo leseni ya ndege unatafuta, itatupikia bugali?”

 Rachidi alijua tu kwamba mikono yake, ambayo tangu aingie Dzaleka ilikuwa ya kupokea na kusubiri, kule juu ilisukuma kitu na kitu hicho kikaenda. Mara ya kwanza alipoachwa arushe peke yake alitafuta kambi kwa macho, upande wa kaskazini, asiione. Aliona mashamba ya mahindi na ukungu. Akashuka salama, na Kachingwe akamshika mkono kwa mikono miwili.

Kulikuwa na jambo ambalo Rachidi hakumwambia mtu. Walipokuwa wakirudi kutua, mzee alikuwa akiuliza kutoka nyuma, “Ule mfuko wa kuonyesha upepo, kule mlingotini, unaelekea wapi?” Mwanzoni Rachidi alidhani anapimwa. Baadaye akatambua kwamba mzee anauliza kwa sababu hauoni.

Wakati huo chama chenyewe kilimthibitisha mtu kuwa rubani, na hilo lilitosha. Kisha serikali ikatangaza kanuni mpya, ikaualika umma utoe maoni kabla hazijapitishwa. Kachingwe alimsomea rasimu chini ya bawa. Leseni sasa ingetolewa na serikali, na mwombaji angetakiwa kuwa na kitambulisho cha uraia au pasipoti. Pia kila rubani, na hasa kila mwalimu, angepimwa moyo na macho.

“Mi siko na hata moja,” Rachidi akasema. “Niko na karte ya mukimbizi tu.”

“Ndiyo maana wanaita watu. Twende tukaseme.”

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, wenye viti vya vitambaa vyeupe na chupa za maji mezani. Kikao kiliongozwa na mama mmoja mpole, mwenye miwani. Mazungumzo yote yalikuwa ya Kiingereza. Rachidi alikuwa na Kifaransa cha shule na Kichewa cha sokoni, visivyotosha mambo ya kanuni, kwa hiyo Kachingwe alikaa ubavuni akimtafsiria.

Zamu yake ilipofika akasimama.

“Bakubwa, mi nimejifunza kurusha hiyo ndege. Mwalimu wangu anajua. Pasipoti sina, na ile nchi ingenipa, njo ile nilikimbia. Naomba mukubali karte ya kambi. Njo hiyo tu.”

Kachingwe akayageuza kwa Kiingereza. Mama alisikiliza kwa makini na kuandika. Akasema, kama Kachingwe alivyotafsiri, kwamba anashukuru sana, ila habari za wakimbizi ziko katika ofisi nyingine na hapo hazimo katika ajenda. Hakusema kwa ubaya. Rachidi angeweza kushindana na ubaya.

Alipotaka kukaa, mama akamzuia kwa mkono, akauliza jambo lingine. Kachingwe akatafsiri huku akitazama mbele.

“Anasema, wewe ni mwanafunzi. Kuhusu kupimwa walimu wazee. Anauliza kama mwalimu wako huwa anaona vizuri.”

 Kanuni ile ya macho ilikuwa ya haki, na Rachidi alijua itamshusha nani.

“Mwambie unaona,” akasema. “Mwambie mwalimu wangu anaona muzuri kabisa.”

Kachingwe akaanza kuzungumza. Maneno yakawa mengi kuliko aliyopewa. Rachidi alishika neno moja, la macho, akaona mama anavua miwani yake polepole na watu wa mstari wa mbele wanageuka kumtazama mzee.

“Umebaambia nini?” akanong’ona.

“Ukweli wa macho yangu.”

“Mi sikusema hivyo!”

“Najua. Kaa chini, mwanangu.”

Kanuni zilipitishwa kama zilivyoandikwa. Katika taarifa ya kikao maneno ya Rachidi hayakuonekana. Yalionekana ya Kachingwe, yakisifiwa kuwa ushahidi wa mwalimu mzoefu. Mzee alirudisha funguo za chama na kukaa nyumbani kwake, mtaa wa Area 18. Rachidi alienda kumwona mara kadhaa. Walikula nsima, ugali wa huko, na maharage, wakaongea habari za watoto na mvua. Mara moja tu Rachidi alimwambia, “Bambo, ungeniacha nidanganye.” Mzee akamwongezea maharage.

Kiwanjani Rachidi hakufukuzwa. Wanachama walimwambia bila leseni hawezi kurusha tena, ila bado anaweza kushika bawa, na alilishika kwa muda, akikimbia na kuliachia, akibaki na majani kwenye suruali huku wengine wakipaa. Kisha ruhusa za kutoka kambini zikawa ngumu, safari zikapungua, na hata hilo likaisha bila mtu kuagana na mtu.

Majuzi gari la kipaza sauti lilipita Dzaleka likiwaita watu waje kutoa maoni, mabomba mapya ya maji yawekwe wapi. Mauwa alijifunga kitenge, akasimama mlangoni mwa kibanda.

“Rachidi, twende tukaseme. Huku kwetu maji iko mbali sana.”

“Enda we.”

“Na we? We njo unajua kusema mbele ya bantu.”

“Mi nabaki na kibanda.”

 Mauwa akajiunga na wanawake waliokuwa wakipita. Mteja mmoja alikuwa akisubiri kitambaa cha sare ya kwaya. Rachidi alikikunjua mezani, akakinyoosha kwa viganja, akachukua mkasi.