Moto aliuwasha mwenye nyumba, bima akadaiwa mume wangu

Wakuu, habari za mchana. Walionizidi umri humu, shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wawili. Wengine leteni shikamoo zenu kabla hamjaanza kusoma.

Nimeona uzi wa yule kijana anayelalamika kwamba kontrakta wake hakukata bima na jengo limeungua. Mmemtukana huyo kontrakta mpaka nikamwonea huruma. Mimi niliolewa na kontrakta wa namna hiyo. Nayasema kama nilivyoyaona, sina wa kumfurahisha tena.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, Usoke, hapo relini magharibi ya Tabora. Mume wangu, Petro, alikuwa fundi mwashi, hodari lakini mbishi. Mzee Salum, Mwarabu mwenye biashara Tabora mjini, akampa kazi ya kujenga duka pale Usoke, lenye nyumba ya kuishi nyuma yake.

Mkataba ulisema fundi atakata bima ya moto, na jengo litakuwa mikononi mwake mpaka akabidhi ufunguo. Petro akatia sahihi. Wakala wa bima alikuwa Tabora, hivyo akapanga kupanda treni akishamaliza kuezeka.

Siku ya kumaliza kuezeka akafika mke wa Mzee Salum. Mama Zuwena alikuwa Mnyamwezi mwenzetu, na kwa ukoo wetu nyumba mpya hupata mwenyewe siku anapowasha moto ndani yake. Akapanga mafiga, akawasha, akasonga ugali, tukala wote palepale. Nilicheka sana siku ile.

Jioni Petro akafungua kikapu chake cha safari, akaanza kutoa nguo.

"Tabora siendi tena," akaniambia. "Nyumba imeshapata mwenyewe. Nikakate bima ya nyumba ya mtu, mimi nani?"

Mimi niliona ni sawa. Hata nyie mngekuwepo mngeona ni sawa, acheni ujuaji.

Ufunguo alibaki nao kwa sababu tu milango ilikuwa haijapakwa rangi.

Kiangazi hicho hicho watu walikuwa wanachoma nyasi mashambani, upepo ukageuka. Nyumba ya nyuma tulikuwa tumeiezeka kwa nyasi. Ikashika, ikaondoka na duka. Zikabaki kuta nyeusi.

Mzee Salum akashitaki. Kortini Mama Zuwena alisimama mbele ya mumewe, akasema wazi kwamba moto wa kwanza aliuwasha yeye, kwa hiyo nyumba ilikuwa yao. Hakimu, Mzungu, akamsikiliza kwa adabu. Kisha akauliza ufunguo uko wapi.

Petro akautoa mfukoni.

Kesi ikaishia hapo. Petro akaamriwa ajenge upya kwa gharama yake.

Fundi wa kijijini atatoa wapi? Akajiandikisha kwenda Tanga kukata mkonge. Nilimkasirikia kwa kuondoka; akaniambia atarudi hata kabla hasira zangu hazijaisha. Salamu zilikuja kupitia watu waliokuwa wanarudi, halafu zikakatika.

Kwa muda mrefu niliendelea kusonga ugali wa watu wawili, kesho yake nala kiporo. Nilikuwa mpweke, wakuu, mpaka nikawa naisalimia treni. Chekeni tu, hata mimi nacheka siku nyingine.

Uhuru ulipokuwa unakaribia, Mzee Salum akaja mwenyewe hadi kwangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama Zuwena ametutoka. Ameniusia nisimdai Petro, nami nimemsamehe. Mwambie arudi."

Nikamuuliza, "Nimwambie wapi, Mzee?"

Alikaa pale kibarazani mpaka treni yake ilipofika.

Funzo langu: kabla ya kutia sahihi, ulizaneni jengo linaacha kuwa la fundi siku gani. Kama mila inasema hivi na mkataba unasema vile, yazungumzeni mapema. Na bima kateni siku ya msingi, msingoje paa.

Sasa hivi naishi Itetemia, hapa Tabora, kwa mjukuu wa dada yangu, ndiye aliyenifundisha kutumia simu hii. Komenti ruksa, hata za kunikosoa. Ila nyie wa Tanga, Muheza na Korogwe, kwanza waulizeni wazee wenu: fundi mwashi Petro, Mnyamwezi wa Usoke, mbishi.

Akiwa hai, mwambieni ameshasamehewa. Kama ni kaburi, liambieni hivyo hivyo.