Gari la Manjano Mbele ya Jeneza

Magari yenyewe yalikuwa mawili, moja la manjano na moja jeusi, na yote mawili yalikuwa yameinama chini utadhani yanatafuta shilingi iliyodondoka. Yaliegeshwa mbele ya ofisi ya kampuni ya mazishi, pale pale ambapo wafiwa hushuka wakiwa hawajui waanze na mguu upi. Konokono aliyakuta asubuhi alipoingia kazini na chupa yake ya chai. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa kinyaa. Si hasira, msimsingizie. Kinyaa kabisa, kile cha kukuta unywele wa mtu mwingine kwenye chakula chako.

Jina la Konokono alipewa na madereva wenzake, na hakulikataa. Aliendesha gari la maiti tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kumpita mtu barabarani. Katika kampuni ile dereva mpya hakabidhiwi jeneza mpaka afaulu mtihani wa beseni. Beseni linajazwa maji mpaka ukingoni, linawekwa nyuma pale anapolala marehemu, halafu dereva anaambiwa azunguke mtaa, matuta na kona zake zote. Maji yakimwagika, mtu anarudi kuosha magari, na mtahini alikuwa Konokono. Msafara nao ulikuwa na sheria yake moja: gari la mbele ndilo kiongozi. Likikata kushoto mnakata kushoto, likisimama mnasimama, na likipotea mnapotea wote, lawama baadaye.

Mwenye kampuni alikuwa amezeeka akamwachia kazi mwanawe, ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, na hawakuwa wanazungumzia umri peke yake. Kijana alikuwa na meno mazuri na haya hakuwa nayo. Kwa macho yake mazishi yalikuwa biashara iliyolala usingizi, na yeye amekuja kuiamsha. Eti msafara utanguliwe na gari la spoti, injini ingurume mtaa mzima usikie, mpiga picha awe nyuma yake kwenye pikapu, na jioni watu waione video kwenye simu zao. Magari yale mawili aliletewa ayajaribu, moja alichukue, jingine alirudishe. Msafara wa kwanza wa namna hiyo ungekuwa wa Jumamosi.

Hapo ndipo palipomkaba Konokono. Marehemu wa Jumamosi alikuwa dada yake.

Huyu dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Maisha yake ya kazi yote aliyamaliza kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, katikati ya mashine zinazounguruma kutwa nzima, na alipostaafu alitaka kitu kimoja tu duniani: kimya. Jirani akifungua redio, yeye alifunga dirisha, hata kama joto linaua. Alipoanza kuishiwa nguvu alimwita mdogo wake kitandani akamwambia, "Wewe ndiye utakayenipeleka. Uendeshe mwenyewe, kwa mwendo wako huo wanaokuchekea. Sitaki makelele." Konokono akamwambia, "Nimekuahidi, Dada." Wala hakwenda kulitangaza jambo hilo kwa mtu, kwa sababu alidhani halihitaji kutangazwa. Mtu ni dereva wa gari la maiti, dada yake amefariki, nani mwingine angemwendesha?

Kumbe mpwa wake, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa amekwisha kupatana na Bosi Mdogo.

"Mjomba, Mama kafua mashuka ya watu mpaka mikono ikachubuka, na hakuna aliyemgeukia," mpwa alisema. "Acha siku moja wageuke."

"Mama yako hakuwa anataka kelele. Alinituma mimi."

"Marehemu hasikii, Mjomba."

Konokono alimtazama huyo kijana ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumbeba mabegani. Ungemjibu nini mtu wa hivyo? Lililomchefua zaidi ni kwamba mpwa alikuwa analia wakati anayasema hayo, machozi ya kweli. Mjinga anayempenda mama yake kuliko wewe unavyodhani, huyo humwezi.

Akaenda kwa Bosi Mdogo kuomba apewe jeneza. Bosi Mdogo alikataa huku akimpapasa bega.

"Jeneza atabeba yule dereva mwenzako, Kimya. Wewe Mzee wangu utatangulia. Hizo mvi na glavu nyeupe, kwenye video utatoka vizuri mno. Tena nakupa heshima: yajaribu magari yote mawili, uniambie lipi tamu."

Tamu! Ndivyo alivyosema, mtu amefiwa na dada yake anaulizwa lipi tamu.

Akaanza na lile jeusi. Kuingia tu ni fedheha, maana huingii, unajitumbukiza makalio kwanza kisha unavuta miguu kama unaokota mizigo yako. Ndani kulikuwa na harufu ya manukato juu ya harufu ya jasho la watu waliolijaribu kabla yake. Kiti kilimkumbatia mbavu bila ruhusa. Lilikuwa otomatiki, hakuna klachi, hakuna gia ya kushika, na usukani ulizunguka laini kama unakoroga uji usio na unga wa kutosha. Alilizungusha mtaani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Lilitii, hilo lazima lisemwe. Halikuruka, halikushtuka. Ila halikumwambia chochote, barabara ilipita chini yake kama habari ya watu wengine, na mngurumo wake ulikuwa wa uongo, unatoka kwenye spika ukibonyeza kidude. Konokono alikibonyeza mara moja, akakizima upesi, akajifuta kidole kwenye suruali.

La manjano lilikuwa balaa la aina nyingine. Hili lilikuwa na gia za mkono na klachi nzito inayotaka goti la kijana. Uongo halikuwa nao hata kidogo. Kila kokoto uliipata kwenye uti wa mgongo, joto la injini lilipanda miguuni, na usukani ulitetemeka mikononi. Lakini kwa mwendo wa msibani lilikuwa halifai kabisa. Lilikwama, likaruka, likakwama, ekzosi ikapiga mlio nyuma kama mtu mwenye gesi tumboni, watu wa kwenye kibanda cha kinyozi wakatoka nje kucheka. Muda wote lilivuta mbele, mbwa aliyeona mfupa. Jeusi lingetembea na jeneza vizuri bila kujali kuna nani ndani. La manjano lisingeweza kutembea na jeneza hata kwa dawa. Akashuka goti linauma, akaapa moyoni kwamba hajawahi kukalia kitu kichafu kama vile viwili.

"Enhe, lipi?" Bosi Mdogo aliuliza, meno yote nje.

Konokono alikuwa amefungua mdomo aseme jeusi, maana ndilo lisingemsumbua Dada sana. Likamjia wazo jingine, akalitazama lile la manjano.

"La manjano," akasema.

"Nilijua! Mzee ana damu ya moto huyu."

Mchana ule alimfuata Kimya mahali pa kuoshea magari. Kimya alikuwa dereva wa pili wa kampuni, mtu aliyefundishwa kwa beseni lile lile, na maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Alikuwa anasugua vioo vya gari la maiti.

"Kesho tukifika mzunguko wa sokoni," Konokono alimwambia, "Bosi anataka tupite barabara kuu, mbele ya maduka. Mimi nitaingia barabara kuu na nitaondoka. Pikapu ya mpiga picha itanifuata, haina akili nyingine. Wewe usinifuate. Kata njia ya kinu, ufike makaburini polepole. Basi la ndugu litafuata jeneza."

Kimya aliacha kusugua. Alikuwa anaombwa avunje sheria ya msafara na yule yule aliyemfundisha hiyo sheria.

"Na wewe?" akauliza.

"Mimi nitakuwa nayo hiyo takataka."

"Hutamzika dada yako."

"Kelele haziwezi kwenda peke yake, lazima ziwe na dereva," Konokono akasema. "Mwendeshe kama ningemwendesha mimi."

Kimya akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kioo chake. Konokono alibaki ameegemea ukuta wenye maji, akiwaza ile ahadi. Dada alimwomba mambo mawili, aendeshe yeye na kusiwe na kelele, na yeye ameshaamua kumpa moja amnyime jingine. Alijichukia kidogo kwa hesabu hiyo. Alimchukia Bosi Mdogo zaidi.

Jumamosi walitoka nyumbani kwa marehemu, la manjano mbele. Bosi Mdogo alikaa kiti cha pembeni, miwani nyeusi, suti inayobana mapaja, anapunga mkono kwa watoto kama mgombea. Nyuma yao pikapu na mpiga picha, kisha gari la maiti na Kimya, kisha basi. La manjano liliruka na kukwama kama alivyotarajia, na kila lilipopiga mlio wa ekzosi Konokono alifumba macho kidogo. Kwenye kioo aliona ua jeupe juu ya boneti ya gari la maiti linakuja bila kutikisika. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyokuwa na dada yake.

"Ongeza, ongeza kidogo kwa ajili ya video," Bosi Mdogo alisema walipofika mzunguko.

"Nitaongeza," Konokono akasema.

Akaingia barabara kuu. Alitazama kioo: pikapu imemfuata, gari la maiti limekata njia ya kinu na basi liko nyuma yake. Maduka yalipokwisha na barabara ikafunguka mbele yao, nyeupe na tupu, akatia gia, akakanyaga mafuta.

Mwanzoni Bosi Mdogo alishangilia, alidhani ni maonyesho. Kisha akageuka nyuma, akaona pikapu imekuwa ndogo, na nyuma ya pikapu hakuna kitu. "Mzee, jeneza liko wapi?" Konokono alitazama barabara. "Mzee, punguza." Konokono akabadili gia. Uso wa kijana ulianza kupoteza rangi, akashika mlango kwa mikono miwili, na walipomaliza kona ya pili akatapika, kwenye suti, kwenye kiti, kwenye miwani yake iliyoanguka mapajani. Harufu ilijaa ile nafasi ndogo yote. Haki ya Mungu, hata hapo Konokono hakupunguza.

Nataka nilieleze sawasawa jambo lililofuata, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kulieleza vizuri. Alikuwa amejiandaa kuchukia. Alikuwa amekusudia kuiendesha ile takataka mbali, aizime, akae humo ndani mpaka mazishi yaishe. Lakini gari liliacha kuruka. Lilikuwa limeacha kuvuta kwa sababu limeachiwa. Ile klachi nzito ikawa nyepesi, gia zikaingia zenyewe kama mkono kwenye glavu, usukani ukatulia, na kila alichokusudia gari lilikuwa limekwisha kukitenda kabla hajamaliza kukusudia. Maisha yake yote alikuwa amezuia. Amezuia mguu, amezuia mkono, amezuia uso wake mbele ya vilio vya watu. Sasa hakuna alichozuia, na kwenye kona ndefu ya tatu alisikia sauti ndani ya gari, akadhani ni kijana ameanza kulia. Ilikuwa yake. Alikuwa anacheka.

Karibu saa nzima ilipita kabla hajasimamisha pembeni ya barabara, kwenye uwanda usio na nyumba. Simu ikalia mfukoni, alikuwa Kimya.

"Tumemaliza," Kimya alisema. "Hapakuwa na kelele yoyote. Mpwa wako kaniuliza uko wapi. Ametupa udongo mara mbili, moja yake na moja yako."

"Asante," Konokono akasema, akakata simu.

Bosi Mdogo alikuwa amefungua mlango, ameketi miguu nje, anajifuta kidevu kwa tai. Konokono alisubiri afukuzwe kazi, alikuwa tayari hata kushukuru. Lakini kijana alipogeuka hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama usoni kwa makini, kama mtu aliyemkuta mwenzake mahali ambapo hakumtarajia.

"Nimekusikia, Mzee," alisema. "Umelipenda."

Konokono alizima injini. Kijana hakuwa amesema uongo. Dada alikuwa chini ya udongo uliotupwa na mkono wa mtu mwingine, na katika saa ile ile yeye alikuwa anacheka. Akatoka nje ya gari, akavua glavu nyeupe, akatema mate chini kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu magari yale yaletwe, kinyaa chake hakikuwa kwa Bosi Mdogo, kilikuwa kwake mwenyewe.